Tupeane uzoefu: siku mwandishi wa teknolojia alipokuweka kikaangoni

Mwanzisha uzi
Wakuu, mfumo wetu umeanguka tangu mchana na mwandishi kanipigia sasa hivi, anataka maelezo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nimekumbuka mbali. Mnaosimamia mawasiliano kwenye kampuni za programu, ni siku gani mlijuta?

Mchangiaji 2
Naanza mimi. Tulizindua programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mahojiano yameisha, tumesimama, mhandisi wetu anakunja nyaya. Mwandishi akauliza, kama anapiga soga tu: "Data zikiwa kwenye seva mmezisimba?" Yaani zimefichwa kwa msimbo ili asiyeruhusiwa asizisome. Kijana akajibu, "Bado, hilo linakuja toleo lijalo."

Nikatupa jicho mezani. Simu ya mwandishi ipo palepale, kidoti chekundu cha kurekodi kinawaka, dakika ya 47. Nikadakia: "Hilo lisiandikwe!" Akanijibu kwa upole, "Dada, hayo hukubaliwa kabla mtu hajasema."

Alikuwa sahihi. Ila mimi saa nne usiku nikampigia mhariri wake kulalamika. Habari ilitoka na aya ya ziada: kampuni ilijaribu kuizuia. Mwandishi hakupokea simu zangu miezi minane. Na wale wagonjwa walikuwa na haki ya kujua, hilo ndilo linaniuma hadi leo.

Mchangiaji 3
Hapo kwenye kidoti chekundu nimeshika kichwa. Yamenikuta.

Mchangiaji 4
Kosa la mhandisi. Mfungieni chumba cha pili mpaka mgeni aondoke.

Mchangiaji 5
Namba 4, hapana. Mwandishi wa teknolojia anamtaka huyohuyo mhandisi. Mletee msemaji wa "suluhisho bunifu" uone anavyofunga daftari. Mhandisi afundishwe kusema "sijui, nitakuletea jibu saa fulani", na alilete kweli.

Mchangiaji 4
Wewe hujawahi kuandika barua ya kujieleza kwa bodi.

Mchangiaji 5
Nimeandika mbili. Msimamo wangu ni uleule.

Mchangiaji 6
Langu ni embago, yaani makubaliano kwamba habari isitoke kabla ya muda fulani. Nilituma taarifa kwa waandishi arobaini, juu nimeandika "isitoke kabla ya Jumanne". Ikatoka Jumatatu. Nikamfokea aliyeitoa, akaniuliza, "Nilikubali lini?" Muulize kwanza, akikubali ndipo utume. Hata akikubali usibweteke: Desemba 2008 mwanzilishi wa TechCrunch, tovuti ya habari za teknolojia, aliandika waziwazi kwamba wataanza kuzivunja embago.

Mchangiaji 7
Nyote mnasahau kuhakiki. Februari 2023 tangazo la Bard, roboti-soga ya Google, lilidai darubini ya James Webb ndiyo iliyopiga picha ya kwanza ya sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Picha hiyo ilikuwa imepigwa tangu 2004 na darubini nyingine. Reuters wakalianika kosa, na thamani ya hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, ikashuka kwa takriban dola bilioni 100 siku hiyohiyo. Kila sentensi ya maonyesho isomwe na mtu asiyekuwa na haraka.

Mchangiaji 3
Mimi huwa naomba kuisoma habari kabla haijatoka.

Mchangiaji 6
Usiombe hivyo! Omba akusomee nukuu zako na vipengele vya kiufundi tu. Habari ni yake.

Mchangiaji 4
Na usipige simu, tuma barua pepe.

Mchangiaji 2
Mwandishi ana saa moja mkononi halafu utume barua pepe? Piga.

Mwanzisha uzi
Nimepiga, imebaki robo saa. Nimemwambia mfumo ulianguka saa nane, watumiaji hawawezi kuingia kwenye akaunti, mafundi wako kazini, chanzo bado hatujakijua. Kaandika hivyohivyo. Bosi hanisemeshi.