Mrejesho: kiti cha pikipiki, Nakuru hadi Kisumu

Ndugu zangu, niliwauliza kiti gani kitanifaa, maana nikitoka Nakuru kwenda Kisumu nilikuwa nafika Kericho makalio yamekufa ganzi. Wengine mlisema ninunue kiti kipya, wengine mto wa jeli, na mmoja akasisitiza nimwone fundi wa viti abadilishe sponji. Nilimfuata huyo wa mwisho. Asante sana.

Fundi alinikalisha kwanza juu ya pikipiki kabla ya kushika kisu. Alinieleza kwamba sponji laini ni tamu dukani, lakini ukiikalia muda mrefu inabonyea na mifupa ya makalio inagusa plastiki ya chini. Akaweka sponji ngumu, ile ya vipande vilivyoshindiliwa, na juu yake tabaka jembamba laini. Nyuma akapanua, mbele akaacha pembamba ili miguu ifike chini. Kisha akasawazisha ule mteremko uliokuwa ukinisukuma kwenye tangi, na kwangu hilo limesaidia kuliko yote: mikono haibebi tena uzito wa mwili.

Sasa napita Mau Summit, nateremka hadi Ahero nikiwa sawa. Kericho bado nasimama kunyoosha miguu, na nawasihi nanyi msimame, hata kiti kikiwa kizuri vipi.

Mto wa jeli sikuuchukua kwa sababu ukiachwa kwenye jua la Kisumu unashika joto vibaya. Na mkienda kwa fundi, mwambieni asipitishe mshono pale mnapokalia. Mvua ya Kericho hupenyea hapo hapo.