Nimwambieje baba mdogo kwamba hayo ni maoni yake?

Wakuu, naomba ushauri. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, baba mdogo haishi kuandika: "Yanga ni kubwa kuliko Simba, huo ni ukweli, siyo maoni." Mimi mwenyewe ni Yanga damu, lakini kinachothibitika ni kwamba Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na zote zimefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika zikakosa kombe: Yanga 2023 kwa USM Alger, Simba 2025 kwa RS Berkane. Ukubwa kila mtu anaupima kwa mizani yake. Nikisema hivyo naambiwa sina adabu, na mashangazi wanamuunga mkono (wote Yanga, bila shaka). Nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima mbele ya wadogo zangu?