Kibanda cha plaiwudi au paneli nene: kipi kinafaa kwa chumba cha futi kumi kwa kumi?

Mwenye mada, Gungu, Kigoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa studio ndogo nyumbani kwa ajili ya kurekodi waimbaji mmoja mmoja na matangazo ya biashara. Chumba ni cha futi kumi kwa kumi, kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, dari ni ya jipsam chini ya bati, na dirisha linatazama njia ya bodaboda. Ninalinganisha mambo matatu: kibanda cha plaiwudi cha futi nne kwa nne kilichobandikwa sponji ndani, paneli nene na mablanketi mazito ndani ya chumba kilivyo, au kurekodi mbele ya kabati la nguo lililoachwa wazi. Seremala ameshanipa makadirio ya kibanda, nami sitaki kutoa malipo ya awali kabla ya kusikia maoni yenu.

Fundi Mitambo, Tabora mjini

Mkuu, kabla ya kulinganisha, tenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kuzuia sauti isiingie wala kutoka ni kazi ya uzito na kuziba mianya. Kunyonya sauti inayorukaruka ndani ni kazi ya kitu chenye nyuzi na matundu, kinachopitisha hewa. Sponji ya kubandika ukutani haizuii bodaboda hata kidogo, na trei za mayai hazizuii chochote, ingawa bado ninaziona kwenye studio za watu wanaotoza fedha.

Sasa tazama vipimo vya kibanda chako. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na mvumo wa kwanza kati ya kuta mbili hupatikana kwa kugawa kasi hiyo kwa mara mbili ya umbali wa kuta. Futi nne ni kama mita 1.22, kwa hiyo mvumo utaangukia karibu na Hz 140 (mitetemo 140 kwa sekunde), yaani katikati kabisa ya sauti ya mwanamume. Kwa kuwa umechagua mraba, kuta za upande wa pili nazo zitavuma pale pale. Sponji ya sentimeta 5 huanza kunyonya vizuri kuanzia Hz 1,700 hivi, ambapo unene wake unafikia robo ya urefu wa wimbi. Matokeo yake ni kwamba ung'avu wote wa sauti za juu utamezwa huku ule mvumo wa chini ukibaki, na mwimbaji atasikika kama yumo ndani ya pipa. Kasoro hiyo haiondoki kirahisi wakati wa kuchanganya muziki.

Mimi ningechukua paneli: fremu za mbao zenye sufi ya glasi (nyuzi laini za kioo) ya sentimeta 10, zikiachiwa nafasi ya sentimeta 10 kutoka ukutani. Nafasi hiyo ya hewa ni ya bure, nayo inaishusha kazi ya paneli hadi karibu na Hz 430.

Seremala wa Ujiji

Nakubaliana na hesabu, lakini mwenye mada ametaja njia ya bodaboda, na paneli hazitamsaidia kwa hilo. Kibanda kinaweza kuzuia kelele kikijengwa kwa ukuta wa tabaka mbili zisizogusana, mlango mzito wa mninga, na mpira wa kuziba kuzunguka fremu yote. Mwanya mdogo chini ya mlango unatosha kuharibu kazi nzima. Kila unapozidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata takriban desibeli 6 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti) za kuzuia kelele, kwa hiyo plaiwudi moja nyembamba ni hasara tupu. Tena hewa lazima ipitie kwenye njia yenye kona, iliyofunikwa sufi ndani, kwa sababu kwa joto letu la mwezi wa Oktoba hakuna atakayemaliza ubeti wa pili humo. Makadirio uliyopewa yana vitu hivyo? Kama hayana, usilipe.

Msomaji matangazo, Kigoma

Kabati msilidharau kwa matangazo. Ila wengi hulitumia kinyume: wanasimama wakitazama nguo. Maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi upande wa mbele, haisikii vizuri kilicho nyuma yake. Inasikia mdomo wako na ukuta ulio nyuma ya kisogo chako. Kwa hiyo lipe kabati mgongo, au tundika blanketi zito nyuma yako, kisha ukae karibu na maiki. Kupunguza umbali kwa nusu kunaiongezea sauti yako desibeli 6 hivi huku mwangwi wa chumba ukibaki ulivyo.

Mwenye mada

Nashukuru sana. Makadirio ni ya plaiwudi moja na sponji, basi, kwa hiyo nimeyaweka kando. Sufi ya glasi hapa sijaiona madukani. Je, pamba itafaa? Na ninahitaji kiasi gani?

Fundi Mitambo

Pamba inanyonya vizuri ikijazwa bila kushindiliwa. Hatari yake ni moto, kwa hiyo nyaya, taa za joto na soketi zikae mbali nayo. Sponji nayo ikiwaka hutoa moshi wa sumu. Pamba ishonee kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kamwe si turubai.

Kuhusu kiasi, tumia kanuni ya Wallace Sabine, aliyeanza mwaka 1895 kupima mwangwi wa ukumbi mmoja wa Harvard kwa kuingiza mito ya viti kidogo kidogo: muda wa mwangwi, yaani sekunde ambazo sauti huchukua kufifia, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawanya kwa eneo linalonyonya. Kama dari yako iko mita 2.7, ujazo ni mita 25 za ujazo, na ukitaka sekunde 0.4 unahitaji kama mita 10 za mraba. Katika chumba kidogo kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Zulia na mapazia vimo katika hesabu hiyo kwa sauti za juu, lakini kwa sauti za chini havifanyi kazi, kwa hiyo paneli nene zianze nyuma ya mwimbaji, kisha pembeni, kisha juu ya kichwa chake.

Seremala wa Ujiji

Na dirisha je? Lipimie kifuniko cha mbao nzito chenye mpira pembeni, cha kuweka na kuondoa. Kitagharimu kidogo kuliko kibanda. Mvua ikinyesha juu ya bati, hapo subirini ikatike.