Gauni la marehemu bibi limetobolewa na panya: tulifumue au tulitunze?

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, hoja iliyo mezani ni ya dada mmoja wa Mwanga. Ana gauni la marehemu bibi yake, pamba ya Urafiki (kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza 1968). Panya wamelitoboa mgongoni, kwapani limeoza kwa jasho. Anataka lifumuliwe apate patani (vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo), ashonewe jingine la kitenge. Shangazi zake wamekataa katakata, wanasema ni kumvunjia marehemu heshima.

Mimi ni fundi cherehani, nasema lifumuliwe. Nawaheshimu shangazi zetu, ila nguo ikikaa sandukuni huendelea kufa: hukatika palepale ilipokunjwa, na unyevu ukiingia huota ukungu.

Wapo wanaosema litandazwe juu ya karatasi, lichorwe pembeni. Kwa sketi, sawa. Kwa mkono wa gauni, hapana. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu lake, kisha hubembelezwa kikaingia, na ukubwa huo huuoni mpaka mkono utoke.

Niliwahi kufumua gauni la namna hiyo la mteja wangu. Ndani ya mshono wa kiuno rangi ilikuwa kali kama imetoka dukani jana. Ubavuni nikakuta matundu ya sindano, mistari miwili, ya mshono ulioachiwa na kurudishwa. Nikamwonyesha. Akasema, "Hapa ni mimba ya mama na ya mjomba," akalia. Alikuwa nalo miaka yote, hakujua.

Sharti langu ni moja: mkasi usiguse kitambaa. Afumue nusu ya kulia tu, kushoto kubaki kama kielelezo. Wembe mimi siutaki kwenye nguo iliyooza. Uzi uchomolewe mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Kabla ya yote apige alama za chaki: katikati, marinda yanapoanzia, uzi wa kitambaa unakoelekea. Kipande kilichokatwa mshazari kisivutwe, kitadanganya patani nzima. Akishachora kwenye karatasi ya kaki na kuongeza akiba ya mshono, vipande virudishwe kwa bandi (mshono mpana wa mkono), gauni lirudi kwa shangazi likiwa gauni.

Shangazi zangu mnaokataa, naomba mnijibu hili tu: sanduku hilo mlilifungua lini mara ya mwisho?