Pesa za geti la Jozani: fidia ya mkulima au watoto wa skuli?

Kidaka
Nauliza tu, msinirukie. Mtalii analipa getini Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja, fungu la pesa linarudi vijijini na fungu wanapata wakulima wanaoliwa mazao na kima punju. Sasa nasikia watu wanasema fidia ipunguzwe, watoto wa skuli wapelekwe msituni wakasomeshwe miti na wanyama. Maana wapo watoto wanaishi pale pale barabarani na ndani hawajatia mguu. Mnaonaje?

Mtu wa Shamba
Kima anakula kwangu, mtoto wa mwenzangu anapelekwa kutembea. Haya.

Ngambo Halisi
Nyie wa shamba mshazoea kulipwa tu. Ulifanywa utafiti miaka ya tisini huko, minazi inayoliwa na punju ikaonekana haizai kidogo, tena kama sikosei ilizaa zaidi, kwa sababu anakula vidaka, nazi changa, na vidaka vingi vingedondoka wenyewe hata asipovigusa.

Mtu wa Shamba
"Nyie" nani? We nazi unaijua ishakunwa, imo kwenye mfuko Darajani.

Mama Mikoko
Ishakunwa 😂😂 Lakini jamani utafiti huo upo kweli. Halafu watu mnachanganya kima. Punju, yule mwekundu, tumbo lake ni la majani na matunda mabichi, ndizi mbivu haiwezi. Anakula majani ya mti wa mkungu na ya muembe, ndo mana anakuja kuokota makaa majikoni, anayatafuna yamtulize tumbo. Anayekimbia na ndizi yako ni kima wa kawaida, ila kesi anaandikiwa punju.

Mtu wa Shamba
Kumbe na makaa yangu anakula. Hayo yamo kwenye fidia?

Dereva Paje
Mie napita hapo kila siku ya Mungu. Zamani punju wakigongwa barabarani mpaka inatia huruma, yakawekwa matuta, ikapungua. Tuta limefanya kazi kuliko semina. Bado chui tu na yeye awekewe tuta lake.

Ngambo Halisi
Chui gani bwana, Unguja hakuna chui siku nyingi.

Niko Maskati
Hakuna kwako weye unaelala Michenzani. 2018 wazungu wa televisheni waliweka kamera wakasema wamemnasa.

Ngambo Halisi
Kipande cha video usiku, kitu kinapita, basi mshapata chui. Hata paka shume usiku ni chui.

Mjukuu wa Makunduchi
Tatizo mnazungumza chui kama mnyama wa porini tu. Wale walikuwa na wenyewe, wakifugwa na kutumwa. Kwa nini baada ya Mapinduzi ulipita ule msako wa mganga Kitanzi, wachawi na chui wakasakwa pamoja? Waulizeni wazee wenu.

Ngambo Halisi
Haya ndo mambo yanayotufanya tubaki nyuma. Mnyama kamalizwa kwa bunduki na mitego kwa sababu ya maneno kama haya haya, leo mnamtafuta kwa kamera.

Mjukuu wa Makunduchi
Mwanangu chunga mdomo, hapa kuna watu wazima.

Ngambo Halisi
Mtu mzima alete hoja, asinitishe na chui wa kutumwa.

Kidaka
Jamani, fidia na watoto…

Maalim wa Pwani
Mie nasomesha, nimewahi kuwapeleka wa darasa la nne kwenye ile njia ya mbao ya mikokoni. Mtembezaji anawaeleza mizizi ya mkoko inavopumua, kijana mmoja kakaa kitako anamuonesha mwenzake shimo la kaa na kijiti, huyu dume, huyu kashahama, na wala hakosei. Mtembezaji kanyamaza anasikiliza na yeye. Kwa hiyo mkisema wakasomeshwe msitu, mtu wa kuwasomesha atoke wapi? Baba yake anaukata ule mkoko kwa kuni, anaujua kuliko mie. Mlipeni huyo asomeshe, fidia muiwache ilivyo.

Mama Mikoko
Maalim, mkata mikoko ndo awe mwalimu wa mikoko?

Maalim wa Pwani
Ndio. Kwani aliyeweka hifadhi ya taifa 2004 aliukuta msitu umetunzwa na nani?

Niko Maskati
Na punju wenyewe walipohesabiwa vizuri walifika zaidi ya 5,800, wengi kuliko walivyokuwa wanatuambia miaka yote.

Mtu wa Shamba
Mie ningewaambia bure, wote walikuwa kwangu. Sasa mie swali langu ni moja, hesabu za hilo fungu la vijiji nani anazisoma mbele ya watu? Kwetu kamati ilisoma mara moja, tena karatasi imeshikwa mbali hatuioni. Nionesheni kwanza kiasi, halafu ndo tugombane kiende kwa mtoto au kwangu.

Dereva Paje
Kamati ya wapi hiyo?

Mtu wa Shamba
Sisemi, nakaa nao.

Mjukuu wa Makunduchi
Ngambo Halisi bado nakusubiri, umesema chui wa kutumwa kwa dharau.