Tupeane uzoefu: mtoto anasema 98 ni kubwa kuliko 102, wewe ulimfundishaje?

Mama Mbili
Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la pili, kuhesabu anahesabu vizuri tu anapita mpaka mia mbili huko, ila mwandikie 98 na 102 umuulize ipi kubwa, anakuonyesha 98. Kwa nini? "Mama si hii ina tisa, hii ina moja." Nimeeleza mpaka nimechoka, jana nikapandisha sauti akalia, nikajiona mbaya. Waliopitia hili mlifanyaje? Naomba ya kwenu wenyewe sio ya kugugo.

Mwl wa Zamu
Dada pole, usimpigie kelele, huyo ana kanuni yake na mara nyingi inampa tiki ndo maana anaing'ang'ania, we mpe 98 na 12 uone kama hajapata. Mi zamani nilikuwa nawaambia "yenye tarakimu nyingi ndio kubwa", wiki hiyo darasa zima wanapata, wiki inayofuata nawapa 345 na 354 wamenyamaza kama wamemwagiwa maji.

Siku hizi natumia njiti za ufagio wa chelewa. Kata vipande, kumi kumi wafunge na rababendi, mafungu kumi wayafunge tena liwe furushi la mia. Na WAFUNGE WENYEWE, ukiwaletea yamefungwa tayari kwao ni kitu kimoja tu kama kalamu. Halafu 98 iwe mafungu 9 na njiti 8, 102 iwe furushi 1 na njiti 2. Akisema tena 98 kubwa usibishane naye, mwambie afungue lile furushi ahesabu mafungu yaliyotoka. Yanatoka kumi, na yeye tisa na kumi anazijua.

Baba Duka
Wangu nilimfundishia hela, ila nilikosea mwanzo maana nilimwagia droo nzima akachanganyikiwa. Baadae nikaficha za 50, 200, 500, 2,000 na 5,000, nikabaki na sarafu za 100 na noti za 1,000 na 10,000, kila moja ni kumi ya mwenzake. Siku tatu za kwanza alikuwa anachagua sarafu tano anaacha noti ya elfu eti hizi nyingi 😂 mpaka nilipomwambia basi kanunue kitu cha elfu kwa hizo zako, mama ntilie akamrudisha. Kilichotusumbua zaidi ni sifuri, namtajia elfu tatu na arobaini yeye anaandika 300040.

Mwl wa Zamu
Baba Duka hapo kwenye sifuri umenikumbusha aibu yangu. Nilitaja imla ya namba, "elfu ishirini na tano", nataka 25,000. Mtoto mmoja akaandika 20,005 nikamwekea kosa. Akaja mezani taratibu, "mwalimu si umesema elfu ishirini, na tano?" Nilikaa kimya. Kiswahili chetu hapo kinabeba zote mbili, na dukani hakuna anayekosea kwa sababu hakuna bei ya 20,005. Nikamfutia kosa, na toka siku hiyo nataja "ishirini na tano elfu", halafu wanachora vyumba vya makumi elfu, maelfu, mamia, makumi na mamoja, chumba kisicho na mtu anawekwa sifuri alinde mlango.

Mpita Njia
Wangu alifundishwa mdomo wa mamba unakula kubwa. Anapata zote. Ila mwambie asome 7 > 4 anakwambia "saba mamba nne".

Wa Kampala
Huku Kiganda kinawasaidia watoto, 20 ni amakumi abiri, 30 amakumi asatu, yani makumi mawili, makumi matatu, inajieleza. Sisi tuna ishirini, thelathini, arobaini, mtoto hazioni kumi humo ndani mpaka aambiwe. Wangu nilikuwa namtajia "makumi manne na tatu" badala ya arobaini na tatu, kama mwezi hivi, ikakaa.

Fundi Kompyuta
Kumbe hata mashine zina akili ya huyo binti, ukiandika mafaili 1, 2, 10 kompyuta nyingine zinapanga 1, 10, 2 maana zinaangalia herufi ya kwanza kwanza. Dawa yake ni kuandika 01, 02, 10.

Mzee wa Riadha
Subirini wafike desimali. Mjukuu wangu aliniambia 9.58 ni kubwa kuliko 9.6 maana 58 imeizidi 6. Nikamwambia andika 9.60, kisha nikampa muda wa Bolt wa mita 100, 9.69 ya Beijing 2008 na 9.58 ya Berlin 2009, upi wa kasi zaidi? Akasema 9.69 maana kubwa ndio mshindi 🤦🏾 tukaanza upya.

Mama Mbili
Mrejesho wakuu. Ufagio wa bibi yake umekwisha, anautafuta mpaka sasa na sisi tumekausha. Jumamosi nzima tulifunga njiti, 98 na 102 alizipanga mwenyewe akaangalia akacheka, akasema "mama nilikuwa nakosea". Leo nikampa kadi tatu, 1, 1 na 0, atengeneze namba azipange kuanzia ndogo. Kapanga 011, 101, 110, kisha kaniuliza hiyo ya kwanza ni namba au imevaa kofia. Mwalimu uko wapi, nimjibu nini?