Pete ya dhahabu imepotea Silversands, naombeni mbinu za mashine

Baba Salha: Salaam wanajukwaa. Pete ya karati 18 imetupotea ufuoni Silversands, Malindi. Nataka kuisaka kwa mashine ya kugundua metali. Nianze vipi? Usingizi sipati.

Fundi_Redio: Usiiambie mashine iruke takataka. Pete ya dhahabu hulia sawa na kishikio cha kopo la soda au karatasi ya alumini. Ukivizima hivyo, nayo umeizima. Chimba kila mlio. Koili, lile duara la chini la mashine, iende polepole, karibu na mchanga, kila mpito ulalie nusu ya uliotangulia.

Bi Mwanakombo: Mkufu wangu ulipotea Shela, tukachekecha mchanga hadi magharibi, wapi! Dhahabu haiendi kuogelea jamani.

Nahodha: Ilianguka mchangani au majini?

Baba Salha: Majini, ya kiunoni.

Nahodha: Mbona hukusema? Ya nani?

Baba Salha: Ya mama mkwe. Alimuazima mke wangu kwa ajili ya harusi. Hajaambiwa bado. Na mashine nishaitolea arubuni, ile ya bei nafuu ya masafa (frikwensi) mamoja.

Fundi_Redio: Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme. Mashine hiyo italialia ovyo. Hapo panataka ya pulsi, inayotuma umeme kwa mipigo mifupi mifupi, au ya masafa mengi.

Baba Salha: Arubuni hairudishwi. Na mchanga mkavu itaufaa. Si huenda mawimbi yakaitupa juu?

Nahodha: Kwa nadra. Dhahabu ya karati 18 ni nzito mara 15 hivi kuliko maji, mchanga haufiki mara 3. Pete huzama mpaka ikute tabaka gumu. Tena Mto Sabaki unatumwagia mchanga na tope, ufuo wa Malindi unazidi kutanuka, kwa hiyo kila ukichelewa inafukiwa zaidi. Ngojea bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yakikupwa mbali. Tafuta vishimo vinavyokusanya vitu vizito. Ukianza kuokota chubwi za mishipi na sarafu, usihame hapo.

Mja_Mnyonge: Kitu cha kuazima ni amana. Mwambieni mama leo, mashine baadaye.

Baba Salha: Nikimpelekea pete mkononi, maneno yatakuwa machache.

Jicho_Kali: Uzi huu ni wa muuza mashine. Mama mkwe, harusi, arubuni… kesho ataweka namba ya simu. Kama ni kweli, taja maandishi yaliyo ndani ya pete.

Nahodha: Usitaje! Maandishi hayo ndiyo ushahidi wako siku mtu akiiokota. Wape wavuvi na vijana wa ufuoni habari ya pete tu, alama kaa nayo. Na kusini ya hapo ni hifadhi ya bahari tangu 1968, waulize KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kuchimba.

Baba Salha: Siuzi kitu, wallahi. Nani anakodisha ya pulsi, Malindi au Watamu?

Jicho_Kali: Si nilisema? Biashara hiyo.

Bi Mwanakombo: Muuzaji gani anatafuta ya kukodi? Baba Salha, mkeo anasemaje yeye?